Uzito wa Neno "Tumbo"

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumnyamazisha mtu ajitiaye kuyajua ya wenzake. Hata hivyo, katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni wa jiji la Mombasa, yupo mwanamke mmoja ambaye kwake methali hii ilipata maana nyingine kabisa. Kwa muda wa miaka miwili alikuwa na kitanda chake mwenyewe asichoweza kukilalia. Kila alipojinyosha chali, pumzi zilimkwama. Alikoroma kwa kishindo, kisha akanyamaza kimya kama aliyekata roho, hata mumewe akawa anamtikisa bega kwa hofu. Mwishowe akazoea kulala ameketi, mgongo umeegemea mito mitatu ukutani, miguu kainyosha juu ya mkeka. Kulipopambazuka alikuwa amechoka kuliko alivyokuwa jioni.

Jina lake halina haja hapa. Majirani humwita kwa jina la kifungua mimba wake, kama ilivyo ada ya pwani. Ana watoto wawili, na mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu. Riziki yake yeye hutoka jikoni: alfajiri mahamri na mbaazi za nazi, alasiri viazi vya karai, bhajia na ukwaju. Meza yake ndogo mbele ya nyumba imesomesha watoto na kulipa kodi. Lakini mpishi huonja, na mpishi wa kila siku huonja kila siku. Hamri lililopasuka haliuziki, nalo haifai kutupwa. Kiazi kilichobaki usiku hakilali.

Si ajabu kwamba kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia kuwa anaugua. Lugha yenyewe ilimficha. Hebu msomaji ayatazame maneno ambayo Kiswahili kimeuwekea mwili uliojaa: amenawiri, amenona, ameshiba, ana mwili, maisha yamemkubali. Sasa ayatazame yale ya mwili uliopungua: amekonda, amekongoroka, amedhoofu, amekwisha. Orodha ya kwanza ni ya sifa na ya pili ni ya rambirambi. Maneno tipwatipwa na utipwatipwa yapo kamusini, lakini mtaani huchukuliwa kuwa mzaha na wala si jina la maradhi. Kwa hivyo alipoolewa akiwa na kilo 70 aliambiwa anaonekana mtoto wa watu. Alipofikisha 90 baada ya uzazi wa pili aliambiwa mume anamtunza. Mama yake mzazi, ambaye hukaa naye na hushona na kudarizi kanzu, alijivunia kila pishi alilomwongezea mwanawe pambizoni mwa nguo. Kwake yeye, aliyewahi kuuona ukame na uhaba wa chakula utotoni, mtoto mnene ni ushahidi kwamba mzazi hakushindwa.

Aliyemwambia ukweli wa kwanza hakuwa daktari bali utingo wa matatu. "Mama, utalipia viti viwili," kijana alisema, tena kwa adabu, kana kwamba anamwonea huruma. Abiria hawakucheka. Walitazama nje ya madirisha, na kule kutazama nje kulimuuma kuliko ambavyo kicheko kingemuuma. Tangu siku hiyo alipanda tuktuk, na safari alizoweza kuziepuka akaziepuka. Baadaye yakaja maumivu ya magoti, kiu isiyokatika, na kidonda cha kidole cha mguu kilichokataa kupona. Zahanati ya karibu ikamwambia ana kisukari cha aina ya pili na shinikizo la damu. Marehemu babake alikuwa amekatwa mguu kwa kisukari kabla ya kufa. Alipolisikia jina la ugonjwa, hakuuliza ni nini. Alikitazama kile kidole.

Zahanati ilitaka kumpima uzito, lakini mizani yao ilikuwa na mwisho wa kilo 120, nayo ilifika mwisho ikakwama hapo. Muuguzi, naye hakukusudia ubaya, akamwambia atafute mizani kubwa. Mizani kubwa ilikuwa wapi? Ilikuwa soko la Kongowea, mahali panaposhushwa magunia. Alikwenda alfajiri moja ya mwaka 2021, kabla ya watu kujaa, akasimama kando ya hamali mzee huku ameushika mtandio wake kwa mikono miwili.

"Baba, nataka kupima."

"Umeleta mzigo gani, mama?"

Hakujibu. Mzee alimtazama, akaelewa, akakiondoa kiroba kilichokuwa juu ya mizani na kuipangusa kwa kitambaa chake cha begani. "Panda, mwanangu," alisema. "Hapa hupimwa vyote." Alisoma nambari kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: 126. Gunia la mahindi katika nchi ya Kenya huhesabiwa kuwa kilo 90. Mwanamke huyo alishuka akijua kwamba miguu yake miwili, yenye kidole kimoja kibovu, hubeba gunia zima na sehemu kubwa ya nusu ya gunia la pili, nayo hailitui usiku wala mchana.

Kipimo ambacho waganga hukitumia ni rahisi: uzito kwa kilo hugawanywa kwa mraba wa kimo kwa mita. Jawabu likiwa kati ya 18.5 na 25, uzito huhesabiwa kuwa wa kawaida. Likifika 30, huo ni utipwatipwa, na likifika 40, ni utipwatipwa wa kiwango cha juu kabisa, ambao huyafupisha maisha. Mwanamke wa kimo cha mita 1.60 na kilo 126 hupata 49. Wala hakuwa peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takriban asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa wamezidi uzito unaofaa. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikaribia 39 katika kila 100, na miongoni mwa wanaume kilikuwa chini ya nusu ya hicho. Kote duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane alikuwa akiishi na utipwatipwa. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa matajiri umekwisha kuhamia mitaa ya watu wa kipato cha chini, ambako mafuta, sukari na unga mweupe ndiyo shibe iliyo rahisi kununulika.

Yamkini msomaji atauliza: kwani hakujizuia kula? Alijizuia sana. Alikunywa maji moto yenye ndimu, akatafuna tangawizi, akaacha wali, akatembea kila alfajiri hadi ufuoni na kurudi kabla ya kuwasha moto wa mahamri. Katika miezi mitano alipunguza kilo 9. Katika miezi minane iliyofuata zikarudi 12. Majirani walisema hana subira. Sayansi husema jambo jingine. Mwili uliokwisha kunenepa mno huulinda unene wake kama mali. Mtu akipungua, njaa huongezeka na mwili hujifunza kutumia nguvu chache zaidi kuliko awali. Homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na wataalamu wa Kijapani mwaka 1999, hutoka kwa wingi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kuuambia ubongo kwamba kuna njaa. Mtu aliyejinyima husikia sauti yake ikipazwa zaidi. Basi kumwambia mgonjwa wa namna hii "jizuie tu" ni sawa na kumwambia mwenye pumu avute pumzi kwa bidii.

Hapo ndipo lilipoingia suala la upasuaji. Tiba hii si ngeni. Madaktari wa Marekani walianza kujaribu kufupisha njia ya chakula tumboni katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1960 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa akaunda njia ya kuugawa mfuko wa chakula ili sehemu ndogo tu ya juu ipokee chakula na kuunganishwa na utumbo. Mwaka 1995 daktari Walter Pories na wenzake walichapisha matokeo yaliyowastaajabisha wengi: kati ya wagonjwa wao 146 wa kisukari waliopasuliwa kwa ajili ya unene, 121 walirudia hali ya kawaida ya sukari. Nchini Uswidi, utafiti uliowafuatilia watu 4,047 kwa wastani wa takriban miaka 11 ulibainisha mwaka 2007 kuwa waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida: 101 dhidi ya 129, ilhali makundi hayo mawili yalikaribiana kwa idadi.

Siku hizi upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi ni ule wa kuupunguza mfuko wa chakula kwa urefu. Daktari hutoboa matundu madogo, huingiza kamera na vifaa vyembamba, kisha hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya mfuko huo. Kinachobaki ni mrija mwembamba mfano wa ndizi. Mgonjwa hushiba kwa chakula kidogo, na kwa kuwa sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa kiwanda kikuu cha grelini, kelele za njaa nazo hupungua.

Habari hizi zilimfikia mwanamke wa Ziwa la Ng'ombe kupitia kwa mdogo wake aliyeolewa Maskati. Katika nchi za Ghuba tiba hii imeenea mno, na Waarabu huiita takmim, neno litokanalo na kumm, yaani mkono wa nguo. Mdogo mtu alimtumia ujumbe wa sauti: "Dada, huku watu wanafanya na wanapona. Gharama niachie mimi. Wewe uza zile bangili zako mbili, tutakamilisha." Baada ya vipimo na ushauri wa miezi kadhaa, hospitali moja ya Nairobi ilikubali kumpasua. Kilichobaki kilikuwa kuwaambia watu wa nyumbani.

Na hapo, kabla ya kisu kumgusa, neno ndilo lililomjeruhi. Alimwambia mumewe kwa Kiswahili alichokijua: "Nitakwenda Nairobi kukatwa tumbo." Mume alinyamaza, akanywa chai yake, na alfajiri akaondoka na lori kuelekea Malaba bila ya kuaga. Siku nne hakupiga simu. Kisha akamwambia mamake.

"Wataka kukatwa tumbo?" bibi aliuliza, sindano ikiwa imesimama hewani. "Na mume umemwambia?"

"Nimemwambia, mama. Naye hakufurahi."

"Afurahi ana wazimu? Mwanamke wa miaka 38! Mume angali ataka mtoto wa tatu. Ukikatwa tumbo, nyumba hiyo utaishikia kwa nini?"

"Mama, mtoto ameingiaje hapa?"

"Wewe ndiwe usemaye tumbo, si mimi! Shangazi yako alikatwa tumbo, hakuzaa tena hadi akaingia kaburini. Na yule mwanamke wa Misri tuliyemsikia redioni, aliyebebwa kwa ndege kupelekwa India, si alikatwa akafa? Mungu akupe mwili, wewe uende ukaupunguze?"

Kwa muda mama na mwana walitazamana. Katika Kiswahili cha kila siku, tumbo ni nyumba yenye vyumba vingi na mlango mmoja. Mtu huumwa na tumbo la chakula, tumbo la hedhi au tumbo la kuendesha. Mwanamke hushika tumbo, hubeba tumbo, huharibikiwa na tumbo, na hapo hamna chakula kinachotajwa. Ndugu wa tumbo moja hawakuzaliwa na mfuko wa chakula. Mwanamke anayesema amekatwa tumbo, masikio ya mtaa husikia kizazi kimeondolewa. Maneno sahihi yapo, tena mazuri: mji wa mimba, kizazi, utumbo, mfuko wa chakula. Lakini hospitalini aliandikiwa na kuelezwa kwa Kiingereza, na njiani akirudi nyumbani akajifasiria mwenyewe kwa neno lililokuwa karibu. Neno hilo moja lilikuwa limemkosesha siku nne za sauti ya mumewe.

Aliichukua kanzu iliyokuwa mapajani mwa mamake. "Mama, nikikuletea kanzu ya mtu aliyekonda, mkono wake umempwaya, wafanya nini?"

"Naipunguza mkono."

"Watupa mkono wote?"

"Siutupi. Nashona mshono mpya kwa ndani, nakata kilichozidi."

"Basi hivyo ndivyo. Si mji wa mimba. Ni mfuko wa chakula, pale chakula kinaposhukia. Wanashona mshono mpya, wanakata kilichozidi. Kizazi hakiguswi. Daktari kasema nisishike mimba kwa mwaka mmoja na nusu hivi, mwili utulie, kisha nikijaaliwa nitazaa. Na unene huu huu ndio humzuia mwanamke kushika mimba, mama. Huenda ndio ulionizuia miaka yote hii."

Bibi alifikiri. "Lakini nguo iliyokatwa haipanuliki tena."

"Haipanuliki. Hilo nimelijua."

"Na ya Mungu je?"

"Mama, jicho lako lilipoingia mtoto wa jicho, si ulikwenda ukapasuliwa? Nalo alikupa nani?"

Bibi hakujibu, ila aliirudisha kanzu mapajani na kuendelea kushona. Kuhusu yule mwanamke wa Misri alikuwa amesema kweli, lakini si kweli yote. Eman Abdelatty, mzaliwa wa Iskandaria, aliripotiwa kuwa na uzito wa takriban kilo 500, naye hakuwa ametoka nyumbani kwao kwa takriban robo karne. Alisafirishwa hadi Mumbai mwanzoni mwa 2017 na kupasuliwa mwezi Machi, kisha akahamishiwa Abu Dhabi, alikofariki mwezi Septemba mwaka huo huo kwa matatizo ya moyo na figo. Mwili wake ulifika kwa daktari ukiwa umekwisha kuchoka. Kisa chake hakithibitishi kwamba upasuaji huua. Kinaonya kwamba kungoja nako kuna hatari yake. Hata hivyo, hatari ya kisu haifai kufichwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusu wagonjwa 4,776, na watatu katika kila 1,000 walifariki ndani ya siku 30. Mshono huweza kuvuja, damu huweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Mwanamke huyo aliambiwa haya yote. Alimpigia mumewe simu akamweleza upya, safari hii kwa maneno "mfuko wa chakula". Kwa muda hakusikia kitu ila mngurumo wa lori. Kisha: "Kumbe ni huo? Mke wangu, mbona hukusema?"

Alipanda garimoshi la Madaraka katika mwaka 2022, mumewe akiwa kando yake, akapasuliwa, akarudi na makovu madogo matano. Maisha yaliyofuata hayakuwa muujiza. Wiki za mwanzo zilikuwa za vimiminika tu, kisha uji mwepesi, kisha vyakula vilivyopondwa. Vijiko vitatu vilimtosha, cha nne kilimtapisha. Yeye aliyeonja viazi vya karai kwa miaka kumi na tano sasa alimwita bintiye aonje chumvi. Mwezi wa nne nywele zilianza kupukutika, jambo la kawaida mwili unapopungua kwa kasi, na baadaye zikaota tena. Ngozi ya mikono ililegea ikaning'inia. Kila siku, hadi mwisho wa uhai wake, atameza vitamini na madini, hasa vitamini B12, madini ya chuma na chokaa, kwa kuwa mwili hauvipati tena vya kutosha kwa chakula pekee. Lakini alianza kulala chali. Usiku wa kwanza alioamka asubuhi akiwa amelala kitandani, mumewe aliketi akimtazama tu. Sukari ilishuka hadi daktari akamwondolea dawa moja baada ya nyingine, akabaki wa kupimwa mara kwa mara. Kidole kilipona. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na kilo 85.

Lakini siri alikuwa ameitunza. Nje ya nyumba hakumwambia mtu, kwa kuwa aliogopa kuambiwa amekata njia ya mkato, na kwa kuwa aliogopa lile neno. Naye aliyepungua kilo 41 katika mtaa wa Ziwa la Ng'ombe hawezi kuachwa bila ya maelezo. Orodha ile ya pili ya maneno ikafunguka: amekongoroka, amekwisha. Na mwisho wa orodha hiyo pana ugonjwa mmoja ambao watu huutaja kwa kunong'ona. Kwanza waliacha kumsalimia kwa mkono. Kisha wakaacha mahamri yake. Beseni lililokuwa likiisha kabla ya saa moja asubuhi likawa linarudi ndani na nusu yake. Watu waliogopa virusi visivyoambukizwa kwa chakula, kutoka kwa mtu asiye navyo. Kosa hilo lilikuwa na pande mbili, maana lilimdhulumu yeye na likawadhulumu pia wenye virusi kwa kweli, ambao wanapotumia dawa zao huishi, hufanya kazi na hupika kama mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kuwa aliwahi kumkwepa muuza samaki mmoja kwa uvumi wa namna hiyo hiyo.

Mambo yalifikia kilele katika karamu ya harusi ya jirani, mwaka 2023. Wanawake walikuwa wameketi uani kuzunguka masinia ya biriani, wanne wanne. Alitwaa matonge matatu madogo, akayatafuna polepole, akanawa. Mama mmoja mtu mzima wa sinia lile naye akanawa papo hapo, akasogea nyuma. "Chakula hiki mimi basi," alisema kwa sauti iliyokusudiwa kusikika. "Mtu akiwa na lake angekula chumbani kwake."

Uwanja ulinyamaza. Yeye aliinama. Katika sinia la pili bibi mshona kanzu aliinuka, akajifunga leso kiunoni, na wengi walidhani atamtukana mtu. Hakutukana.

"Mwanangu alikuwa na kisukari cha babake," alisema. "Na babake nyote mlikuja kumzika, mguu mmoja ulitangulia. Mwanangu amekwenda Nairobi, amepunguzwa mfuko wa chakula. Nasema mfuko wa chakula, si mji wa mimba, wala hana hilo mnalolinong'oneza, na angekuwa nalo bado ni mwanangu na angekula sinia moja nami. Mimi ndimi niliyemlisha akafika pale. Nilidhani nampenda. Kama kuna wa kuonewa haya, ni mimi hapa."

Kisha akaja akaketi katika nafasi iliyoachwa wazi kwenye sinia, akanawa, akala pale mwanawe alipokuwa amelia mkono wake. Hakuna aliyeshangilia. Mama yule mtu mzima alibaki ameutazama mkono wake uliolowa. Baada ya muda mtu alicheka kwa jambo jingine, ngoma ikarudi, na karamu ikaendelea. Lakini kesho yake saa moja kasorobo beseni la mahamri lilikuwa limekwisha, na aliyenunua kumi ya mwisho alikuwa mjukuu wa mama yule yule, ametumwa.

Haifai makala haya yamwache msomaji akidhani kuwa kila mnene akapasuliwe. Upasuaji huu ni wa utipwatipwa uliokithiri, au ule ulioandamana na maradhi kama kisukari, na ni baada ya njia nyingine kushindwa. Gharama yake katika hospitali za binafsi huwapita wengi, na si kila mtu ana mdogo wake Maskati. Wapo wanaorudia unene baada ya miaka, maana mrija huweza kutanuka na tabia huweza kurudi. Tangu mwaka 2021 zimekuja pia dawa mpya za sindano zinazopunguza njaa kwa kiasi kikubwa, nazo huwafaa baadhi ya wagonjwa, ijapokuwa bei yake ni kilio kingine. Hata mwanamke huyu mwenyewe, kwa kilo zake 85, bado yuko juu ya 30 katika kipimo cha waganga. Hakutafuta umbo la picha za majarida. Alitafuta usingizi na mguu wake.

Alhasili, kisa hiki kinawahusu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Mara nyingi istilahi hujadiliwa katika makongamano kana kwamba ni suala la heshima ya lugha tu. Nyumbani kwa mwanamke huyu istilahi ilikuwa suala la ndoa, la riziki, na karibu iwe la uhai, maana laiti asingelifahamu kosa la neno lake, angeliiacha safari ya Nairobi kwa kumridhisha mumewe, na kidole kikaufuata mguu wa babake. Mfuko wa chakula si neno jipya. Hakuna kamati iliyohitajika kuliunda. Lilihitaji tu kutamkwa na daktari, mbele ya mgonjwa, kwa lugha ambayo mgonjwa ataitumia kumweleza mamake.

Siku hizi, jioni viazi vya karai vinapokwisha, huja mlangoni pake wanawake wawili watatu wa mtaani, wazito wa mwili, ambao hawakuja kununua kitu. Huzunguka kwa maneno ya mvua na ya bei ya mafuta, mpaka mmoja wao apate ujasiri.

"Hivi, dada, wewe walikukata nini hasa?"

Huwavutia kigoda kipana, kile alichokitumia yeye mwenyewe zamani, na huwaomba waketi kwanza. Kisha humwita mamake aje na kanzu.